Bunduki kongwe za leva: Winchester 94, Marlin 336 au Savage 99, ipi inakufaa wewe

Bunduki za leva, zile ambazo chini ya traiga kuna pete ya chuma unaishusha ganda linaruka nje, unaipandisha risasi nyingine inaingia, huku kwetu Dodoma na Singida si nyingi. Mwindaji mwenye leseni unayekutana naye Manyoni au Kondoa mara nyingi ana bunduki ya bolti (ile ya kuvuta kitasa nyuma na mbele kwa mkono) au shotigani. Lakini za leva zipo. Inajitokeza moja kwa familia ya mzee aliyefariki, nyingine kwa mwenye shamba anayehama, nyingine imelala pembeni kwenye duka la silaha hakuna anayeiulizia. Na shida yake ni kwamba mtu anaipenda kwa macho kwanza, maana ni nzuri bwana, nyembamba, nyepesi, mbao imeiva rangi na chuma kimefifia pale tu mkono wa mwenyewe uliposhika miaka yote, akili inakuja baadaye hela ishatoka.

Majina yanayojirudia ni matatu, Winchester 94, Marlin 336 na Savage 99. Zote za Marekani, zote ziliundwa kwa ajili ya kulungu wa misitu ya kule, hakuna iliyotengenezwa mtu akiwaza nyati wa Rungwa. Nitazipitisha zote kwenye vipimo vilevile halafu mwishoni tuangalie hali ya mtu mmoja mmoja.

Karatasi kabla ya chuma

Sheria ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015 inataka leseni ndo itangulie, si ununue halafu uanze kukimbizana na muhuri. Umri ni miaka 25 kwenda juu, kuna mafunzo ya kutumia silaha na cheti chake, na maombi yanaanzia chini kabisa kwa viongozi wa mtaa au kijiji yanapanda kamati ya ulinzi na usalama hadi polisi. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "chukua leo, karatasi tutamalizana wiki ijayo", muage vizuri uondoke, hata kama bei ni ya kutupa.

Ya urithi nayo hivyohivyo. Leseni ya baba ilikuwa ya baba. Akifariki silaha inakabidhiwa polisi, wewe mtoto unaomba kwa jina lako, haikai juu ya kabati ikisubiri arobaini wala kikao cha ukoo.

Halafu leseni ya silaha si ruhusa ya kuwinda. Uwindaji una Sheria ya Wanyamapori ya 2009 na vibali vyake, msimu wake na maeneo yake, na kwa wanyama hatari kama nyati na simba kaliba (ukubwa wa tundu la mtutu na risasi yake) inayotakiwa ni .375 kwenda juu. Bunduki hizi tatu kwenye kaliba zake za kawaida hazifiki hapo, ni za swala pala, ngiri, tandala mdogo, basi. Na ukikutana na Winchester 94 Big Bore imeandikwa .375 Win, zilianza kutoka 1978, usidhani umeokota dhahabu: hiyo si .375 H&H ya wawindaji wa nyati, ni risasi fupi yenye nguvu ndogo zaidi, namba tu ndo imefanana.

Vipimo nilivyotumia

Cha kwanza risasi, na nakiweka cha kwanza makusudi kwa sababu hapa ndo wengi wanakwama. Marekani mtu anaingia dukani anakuta .30-30 imepangwa kama sabuni, huku unaweza kuzunguka Dodoma, Arusha na Dar ukarudi na ahadi. Cha pili ni chuma chenyewe, ubovu wa kawaida wa kila aina na jinsi ya kuujua. Cha tatu usafi, maana vumbi letu la Kiangazi, lile jekundu la kuelekea Bahi na Manyoni, linaingia kila tundu. Cha nne umbali na kulenga. Cha tano fundi na vipuri. Bei nimeiacha ijitokeze humohumo, kwa sababu bunduki kongwe haina bei ya dukani, ina bei ya hali yake.

Ukaguzi unaofanana kwa zote

Ukishaipokea mkononi, kabla hujasema neno lolote la bei, shusha leva, angalia chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa), ingiza kidole uhakikishe kwa kugusa, hata kama muuzaji kaapa kwamba haina kitu. Mdomo wa mtutu unaelekea chini au mahali salama muda wote. Kwa zile za bomba, Winchester na Marlin, ambazo risasi zinakaa kwenye bomba chini ya mtutu, koki mara kadhaa uone kama kuna risasi iliyojificha bombani, springi ikichoka risasi inaweza kukwama ndani ikaja kutoka siku nyingine kabisa.

Kisha namba. Namba ya bodi (lile tumbo la chuma la katikati) isomeke vizuri na ifanane herufi kwa herufi na ile iliyo kwenye leseni ya muuzaji. Ikiwa imekwanguliwa, imepigwa upya au panaonekana pamesagwa, hapo hakuna biashara tena, hiyo ni ya polisi. Na kaliba usiisome kwenye karatasi wala mdomoni kwa dalali, isome kwenye mtutu.

Sasa mtutu kwa ndani. Leva nyingi huwezi kuchungulia kutoka nyuma, kwa hiyo fungua leva, weka kipande cha karatasi nyeupe pale kwenye uwazi wa chemba, mulika ile karatasi kwa tochi ya simu, halafu chungulia kutoka mbele. Inabidi uone mifereji inazunguka, kingo zake kali, inang'aa. Rangi ya kijivu yenye vidoti kama ndui ni kutu ya zamani, inaweza kupiga vizuri bado lakini itakusumbua kusafisha na inashusha bei. Ukiona pete nyeusi sehemu moja, kivuli cha mviringo ambacho hakiondoki ukigeuza bunduki, huo mtutu ulivimba, kuna siku ulipigwa ukiwa na kizuizi ndani. Achana nao.

Mdomo wa mtutu uangalie kama unaangalia jino. Bunduki zinazosafishwa kutoka mbele kwa fimbo ya chuma miaka na miaka, ile fimbo inasugua upande mmoja wa mdomo mpaka mifereji ya pale mwisho inafutika, tundu linakuwa yai. Ndani inang'aa vizuri kabisa lakini risasi zinatawanyika. Watu wengi hawaliangalii hili, wanatazama urembo wa mbao.

Skrubu zinasema ukweli kuliko mwenye mali. Mfereji wa skrubu ukiwa umeliwa, kingo zimepinda, ujue kuna mtu aliifungua kwa bisibisi ya redio, na kama alifungua hivyo, na kurudisha alirudisha hivyohivyo.

Mbao. Hali ya hewa ya kwetu ni kavu mno, na mbao iliyotoka pwani ikaja kukaa Dodoma inasinyaa, inaachana na chuma, inapasuka shingoni. Iliyokaa Tanga au Dar muda mrefu tatizo linageuka, mbao nzima lakini chuma kimeliwa chini ya mbao ya mbele na chini ya bomba la risasi ambapo jasho na chumvi vinakaa bila kuonekana. Omba mbao ya mbele ifunguliwe. Kuna moja nilionyeshwa Kondoa, shingo ya kitako imefungwa kwa waya mwembamba wa shaba, umezungushwa kwa ustadi kweli, mzunguko juu ya mzunguko, umepakwa vanishi juu, ukitazama haraka unadhani ni pambo. Nilipoupinda mkono kidogo tu kitako kililia. Mzee mwenyewe akacheka, "hiyo haina neno mwanangu, imekaa hivyo tangu zamani." Nikamwambia shikamoo tena, nikaiweka chini taratibu. Kitako kinachocheza huku chuma kinarudi nyuma kwa teke, ufa utazidi na shabaha haitatulia.

La mwisho la jumla ni risasi za bandia, zile za mazoezi zisizo na baruti. Mwombe fundi wa silaha azitumie kuizungusha bunduki haraka, kisha polepole, maana kuna zinazofanya vizuri kwa haraka zikikwama kwa polepole na kinyume chake. Huyohuyo fundi apime nafasi ya chemba kwa geji zake, hicho si kitu cha kukadiria kwa jicho. Na ikiwezekana kwenye uwanja unaoruhusiwa piga risasi chache karatasini kabla hujalipa yote.

Winchester 94

Hii ndo ile ya kwenye picha za sinema za makauboi, ingawa kauboi wa kweli wa enzi zile wengi walikuwa na za kabla yake. Aliichora John Moses Browning, ikatoka 1894, na mwaka uliofuata ikapewa risasi ya .30-30 ya baruti isiyo na moshi ambayo ndo ikaifanya iwe maarufu. Zimetengenezwa zaidi ya milioni saba, kwa hiyo neno "adimu" kutoka kwa muuzaji lichukulie kama chumvi.

Risasi: nyingi ni .30-30, ila zipo za .32 Special, .25-35 na nyinginezo ambazo kwa huku sioni utazilishaje. Kwa sababu risasi zinakaa bombani moja nyuma ya nyingine, kichwa cha hii kinagusa fataki (kiwashio cha nyuma) ya ile iliyo mbele, kichwa lazima kiwe bapa. Risasi yenye ncha kali ya chuma ndani ya bomba, ukapata mtikisiko, inaweza kulipukia humohumo mbele ya mkono wako. Siku hizi kampuni ya Hornady wana zenye ncha laini zilizotengenezwa kwa ajili ya bomba, hizo sawa, ila usije ukachomeka chochote kwa sababu kimeingia.

Chuma: mstari mkubwa uko 1964. Mwaka huo kiwanda kilibana gharama, sehemu zilizokuwa za kuchongwa zikawa za bati la kupondwa, pini ngumu zikawa za kujikunja, na bodi ikawa ya chuma cha aina nyingine ambacho hakishiki rangi ya buluu ya kawaida. Ndo maana utaona 94 ya miaka ya sabini bodi imebabuka au imegeuka zambarau huku mtutu bado mweusi, na fundi akijaribu kuipaka upya kwa njia ya kawaida haishiki. Namba za chini ya 2,700,000 hivi ndo za kabla ya mabadiliko, na hizo wakusanyaji wanazipandishia bei. Kwa mwindaji lakini, ya baada ya 1964 iliyotunzwa inaua vilevile na ni nafuu, sijui kwa nini watu wanaona aibu kuibeba.

Leva yake ikiwa imefunguliwa inacheza na kulegea, usishtuke, ndo ilivyo. Ikifungwa ndo inatakiwa ikaze, na kile kipande cha nyuma kinachofunga bolti kiwe kimepanda juu chote. Jaribio la lazima ni la nyundo: ikiwa haina kitu, iweke kwenye nusu (nyundo irudishwe nusu ya njia), vuta traiga kwa nguvu, nyundo isianguke. Ikianguka sefti yako yote imekufa, maana 94 za zamani hazina sefti nyingine ya kidole, ni hiyo nusu tu. Na kuishusha nyundo kwa dole gumba lenye jasho saa saba mchana ni kazi inayohitaji mazoezi, usiidharau.

Vumbi na usafi: hapa inapoteza alama. Juu iko wazi kabisa, ukishusha leva unaona mpaka tumbo, vumbi linaingia moja kwa moja. Kuifungua mpaka kutoa bolti ni kazi ya kukaa chini na kitambaa na subira, kwa hiyo wengi wanasafisha kutoka mbele, na tumeshaona fimbo inafanya nini mdomoni. Tumia kamba ya kuvuta kutoka nyuma. Mafuta weka kidogo sana, mafuta mengi na vumbi la Bahi yanakuwa tope la kusagia chuma.

Kulenga: inatupa ganda juu, kwa hiyo darubini haikai katikati juu ya bodi, isipokuwa zile za kuanzia miaka ya themanini zinazotupa pembeni. Baki na saiti za chuma. Kwa .30-30 yenyewe mita 100 ni raha, 150 ni mwisho wa mtu muungwana, 200 unabahatisha na kumtesa mnyama.

Inamfaa anayetembea sana, anayetaka bunduki nyembamba inayopita vichakani na haimchoshi bega, na macho yake bado yanaona saiti ya chuma.

Marlin 336

Ilitoka 1948. Ukiishika baada ya 94 unaona nzito kidogo, nene tumboni, si mrembo kama mwenzake. Lakini mafundi wanaipenda na sababu inaonekana ukiwa na bisibisi.

Risasi: .30-30 na .35 Remington. Hiyo ya pili inapiga kwa uzito, kichwa cha greni 200 (gramu 13 hivi), lakini kwa hapa kuipata ni shughuli, nisingeinunua bila kuwa na uhakika wa duka linaloagiza. Sheria ya kichwa bapa ni ileile, nayo ni ya bomba. Kuanzia miaka ya hamsini katikati mitutu yake ikawa na mifereji mingi yenye kina kifupi, kumi na miwili, wanaiita Micro-Groove, inapenda risasi za kiwandani zenye koti la shaba, risasi za madini ya risasi tupu zilizoyeyushwa kienyeji haizishiki vizuri.

Chuma: bodi imefungwa juu, bolti ya mviringo, ganda linatoka ubavuni. Ubovu wake maarufu ni mmoja. Ncha ya leva inasugua chini ya kile kibebeo kinachonyanyua risasi mpaka inachimba mfereji, siku moja risasi ya pili inaponyoka kutoka bombani inaingia chini ya kibebeo, bunduki inajifunga, leva haishuki haipandi, na wewe uko katikati ya pori. Kwa hiyo wakati fundi anaizungusha na risasi za bandia, mwambie alitazame hilo mahsusi. Linatengenezeka, ila liwe limeshatengenezwa au litolewe kwenye bei.

Umri wake unajulikana kirahisi. Kwa zile za kuanzia 1973 hadi mwisho wa miaka ya tisini, chukua tarakimu mbili za mwanzo wa namba utoe kwenye 100, namba ikianza na 25 ni ya 1975. Za zamani zaidi nyingi zinaanza na herufi. 1983 waliongeza sefti ya kitufe inayopita bodi, wapenda ukongwe wanaichukia, mimi kwa mtu anayebeba bunduki kwenye gari juu ya barabara ya makorongo naona haina ubaya. Tafuta muhuri mdogo wa JM kwenye mtutu karibu na bodi, ndo za kiwanda chenyewe kabla Remington hawajainunua kampuni, mauzo yaliyotangazwa 2007. Za mwanzo za Remington zililalamikiwa sana na wawindaji wa kwao, saiti zimekaa upande, mbao na chuma havikutani. Zikague mara mbili.

Vumbi na usafi: hapa ndo inapowaacha wenzake mbali. Skrubu moja ya leva, unaitoa, leva inatoka, bolti inachomoka nyuma, unasafisha mtutu kutoka chemba kuelekea mbele inavyotakiwa, dakika chache umemaliza ukiwa umekaa kwenye mkeka. Ukiwa unakaa kambini siku kadhaa Kiangazi hili si jambo dogo.

Kulenga: juu ni bapa na imefungwa, darubini inakaa bila kelele. Umbali ni uleule wa .30-30, darubini haiongezi nguvu ya risasi, inaongeza uwezo wako wa kuona tu.

Vipuri: kwa kuwa ni nyingi sana na hazikubadilika sana, vipuri vya leva bado vinapatikana huko nje, na tangu 2020 jina la Marlin liko chini ya Ruger wanaoendelea kutengeneza 336. Kuagiza kipande cha silaha kinapita taratibu zilezile za vibali, lakini angalau unachoagiza kipo.

Inamfaa anayetaka kuitumia kweli, aliyevuka umri wa kuona saiti ya chuma, asiyetaka kumtegemea fundi kila msimu.

Savage 99

Hii ni mnyama mwingine kabisa. Arthur Savage, aliyeichora, alizaliwa Kingston, Jamaica, na alifikiria tofauti na wote. Haina nyundo ya nje, haina bomba, kwa nyingi risasi zinakaa kwenye gurudumu ndani ya bodi, na za zamani zina kidirisha cha shaba upande wa kushoto kinachokuonyesha zimebaki ngapi. Kazi safi.

Risasi: kwa sababu ya gurudumu, ncha kali inaruhusiwa, na hapo inaingia kwenye kaliba zenye mbio kuliko .30-30. .250-3000 ya 1915, .300 Savage ya 1920, na baadaye .243 na .308. Sasa sikilizeni hapa vizuri. Nyingi za zamani ni .303 Savage, na huku kwetu mtu akisikia .303 akili inaenda moja kwa moja kwenye ile .303 ya Waingereza, ya Lee-Enfield, ambayo kila mzee anaijua. Si moja. Ganda tofauti, vipimo tofauti, haziingiliani, na dalali akikwambia "hii ni .303, risasi zake zipo tele" ama hajui au anajua sana. .303 Savage siku hizi hata kwao ni ya kutafutwa kwa tochi. Ukipata 99 ya .308 hapo ndo mazungumzo yanabadilika, ni kaliba ya dunia nzima, ila muulize kwanza afisa anayeshughulikia leseni kama kaliba hiyo utapitishiwa, kwa kuwa ni ndugu wa karibu wa risasi ya kijeshi.

Chuma: mbao ndo ugonjwa wake. Nyuma ya bodi, pale mkia wa chuma unapoingia kwenye kitako, angalia pande zote mbili kwa tochi ukiwa umeinamisha, nyufa nyembamba kama unywele zinaanzia pale. Boliti ndefu inayoshika kitako ikilegea kidogo kila teke linapasua mbao, na ukame wa Dodoma unamalizia. Ndani ni saa tupu, springi na gurudumu vimebanana, ukifungua bila ujuzi hurudishi. Sefti za zamani ziko kwenye leva karibu na traiga, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya sitini zikahamia juu ya shingo ambapo dole gumba linafika lenyewe. Zijaribu zote. Umri wa nyingi za kuanzia 1949 unaujua kwa herufi ndogo kwenye duara mbele ya leva, A ni 1949, unaenda hivyo.

Vumbi na usafi: imefungwa vizuri kuliko 94, vumbi haliingii hovyo, lakini likishaingia ni vigumu kulitoa. Na mtutu unasafishwa kutoka mbele.

Kulenga: za zamani hazikutobolewa matundu ya darubini. Ukikuta yametobolewa na fundi wa mtaani, mkusanyaji analia, mwindaji anafurahia punguzo. Ya .300 au .308 inakupa mita 200 na zaidi kidogo bila kubahatisha, hili 94 na 336 hazikupi.

Inamfaa anayewinda mahali pa wazi, mtaratibu wa mikono, na ambaye kaliba ya kwenye mtutu ameshaihakikishia risasi kabla ya kuhakikishia hela.

Kwa hali yako

Kama unakokwenda ni vichaka, ile misitu minene ya Itigi ambapo mnyama unamwona mita 40 na ameshakuona, umbali wa Savage haukusaidii kitu, chukua 94 au 336 na uamuzi uwe ni wa macho na mafuta: unaona saiti vizuri na uko tayari kwa usafi wa taabu, 94. La sivyo 336.

Kama ni mbuga na nyika zilizo wazi, unapiga mbali, 99 ya .308 au .300. Lakini hapo ujiulize kwa uaminifu kama bunduki ya bolti ya kawaida isingekufaa kwa hela pungufu, maana kwa kazi hiyo leva unainunua kwa mapenzi tu.

Kama ni bunduki yako ya kwanza, 336 inasamehe zaidi, ila zote za bomba zina hili: kuzimaliza risasi unazizungusha moja moja kupitia chemba, na ajali nyingi zinaweza kutokea pale, jioni, umechoka, watu wamezunguka moto. Mtutu upande wa pori, kidole nje ya traiga, na mtu yeyote asisimame mbele hata kama ni mwenye kambi.

Kama unanunua kwa ajili ya ukongwe wenyewe, ya kuweka na kutazama, 94 ya kabla ya 1964 yenye rangi yake ya asili au 99 yenye kidirisha cha shaba kinachofanya kazi. Usiipake rangi upya, usiisugue, usiitoboe. Na kabati la chuma linahitajika vilevile, polisi hawaulizi kama ni pambo.

Kama umeletewa ya urithi na ndugu wanataka uichukue, anzia kituo cha polisi, halafu kaliba, halafu fundi. Ikionekana ni .303 Savage au .25-35, chukua jina kamili la kaliba, pigia maduka yote ya silaha yenye leseni unayoyajua uwaulize kama wanayo sasa hivi au wanaweza kuagiza, na wakuandikie. Ukikosa hata mmoja wa kuandika, zungumza na polisi kuhusu kuisalimisha, na kwenye kikao cha ukoo waambie wazi kwamba hiyo haigawanyiki wala haiuzwi kwa jirani.